Mpaka Uru Bila Kusimama

Asikudanganye mtu kwamba kukimbia ni kitu cha kujifunza. Mbwa akikutokea utakimbia, na hutauliza nani akufundishe. Kazi ipo pale ambapo hakuna mbwa, hakuna mwizi, mvua hainyeshi, na wewe mwenyewe kwa akili zako timamu umeamka alfajiri ukaanza kujifukuza. Hiyo ndiyo kazi aliyojitwisha Dominika, mpishi wa mtori pale Njoro, mjini Moshi, na siku ya kwanza ilimshinda kabla hajafika nguzo ya pili ya umeme.

Alisimama akashika kiuno. Kichomi kilikuwa kimemkunja ubavu wa kulia, mapaja yamesuguana mpaka yanawaka, na zile raba alizonunua mtumba pale soko la Memorial zilikuwa zinapwaya mbele na kubana nyuma, sijui mwenyewe wa kwanza alikuwa na mguu wa namna gani. Na kama hiyo haitoshi, vijana wa bodaboda walikuwa wameshajipanga kijiweni.

"Sista, anayekukimbiza mbona hatumwoni?"

"Panda nikusogeze, bure kabisa, nakuonea huruma!"

"Mwacheni jamani, anakikimbia kitambi, na kitambi nacho hakitaki kubaki nyuma!"

Wakacheka mpaka mmoja akaegemea tenki la pikipiki yake. Dominika aligeuza, akarudi alikotoka kwa kutembea, uso ameuinamisha, machozi yanamtoka na kamasi zinamtoka. Alipofika kwenye mgahawa wake alimkuta Magreth, mwenzake wa kupika chapati, ndiyo kwanza anapuliza jiko.

"Umefika wapi?" Magreth akauliza.

"Usiniulize."

"Nakuuliza kwa sababu mkaa haujashika moto na wewe umesharudi."

"Magreth, mimi sipendi kukimbia. Sipendi hata kidogo. Nachukia kuanzia kidole mpaka nywele."

"Sasa nani kakulazimisha?"

Dominika alichukua kisu akaanza kumenya ndizi za mtori. Jibu wote wawili walilijua.

Alikuwa anaitwa Jesse. Mtoto wa Machame, kazi yake kupandisha watalii mlimani, mrefu, miguu kama ameazima kwa twiga, na akicheka, basi tena. Mwaka mzima alikuwa anakula mtori wa Dominika na kumsifia mbele za watu. "Huu mkono," alikuwa akisema, amemshika kiganja, "huu mkono nauweka ndani." Na kweli wazee wake wakapanda Uru na mbege ya kwanza, ile pombe ya ndizi ya kuposea, ikanywewa uani kwa mama yake Dominika, majina ya wawili yakatajwa pamoja, majirani wakasikia. Kwa watu wa mlimani, mbege ikishanywewa, binti si wa kuchezewa tena.

Kisha ikaja ile Jumapili. Jesse alimchukua matembezi na rafiki zake wawili, njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji. Njia yenyewe inapanda, ina utelezi, na Dominika alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Katikati ya mlima akashika mti, akawa anahema.

"Umesimama tena?" Jesse akageuka.

"Nipumzike kidogo tu, mpenzi."

"Ulipumzika kule chini, ukapumzika darajani, sasa unapumzika hapa. Hivi wewe uliumbwa kwa ajili ya kupumzika?"

Rafiki zake wakacheka. Dominika naye akacheka kidogo, maana mtu akitukanwa na anayempenda hutafuta kwanza kama ni utani.

"Jesse jamani, mbele za watu?"

"Mbele za watu, ndiyo. Mimi kazi yangu ni mlima. Mke wangu akishindwa na njia wanayopita watoto wa shule, nitaficha wapi uso wangu? Watu wataniuliza, Jesse, umeoa mke au umeoa gunia la mahindi?"

Sasa hakuna aliyecheka, hata wale rafiki zake. Maji yalikuwa yanasikika kwa mbali.

"Sema unachotaka," Dominika akamwambia kwa sauti ndogo. "Sema, nitafanya."

Jesse akaangalia juu, akaangalia chini, akaangalia kila mahali isipokuwa usoni pake. Kisha akasema haraka haraka, "Siku utakayokimbia kutoka mnara wa saa pale mjini mpaka kwenu Uru bila kusimama, nipigie simu. Kabla ya hapo tusisumbuane."

Mwanamke mwingine angemrushia kiatu, tena kile chenye kisigino. Lakini Dominika alikuwa anampenda, na mapenzi yakikushika masikioni husikii tusi, unasikia masharti. Alirudi nyumbani amelia njia nzima, na kilichobaki kichwani mwake kilikuwa "nipigie simu."

Basi akakimbia. Nasema akakimbia, lakini wiki za kwanza ungemwona ungesema anatembea kwa hasira. Magreth ndiye aliyempa akili.

"Kimbia nguzo moja, tembea nguzo moja. Usijifanye farasi."

"Na wale wa bodaboda?"

"Wale wamekaa kwenye pikipiki tangu wabalehe, wanajua nini kuhusu miguu? Paka mafuta mapajani, funga kitenge kifuani vizuri, toka."

Akatoka. Nguzo moja mbio, nguzo moja mguu. Asubuhi nyingine anaamka miguu imekauka hata kuchuchumaa jikoni ni kilio. Asubuhi nyingine anajificha chini ya blanketi anasali mvua inyeshe. Kuna siku alikimbizwa na mbwa kweli pale karibu na mtaa wa Soweto, akavuka nguzo nne bila kujua, akarudi kwa Magreth anajisifu, na Magreth akasema huyo mbwa alipwe mshahara. Hakuna siku hata moja aliyofurahia. Wanaosema mwili huzoea na kuanza kupenda, wamuulize Dominika. Mwili ulizoea. Kupenda, hapana.

Na siku moja, alfajiri ya baridi, akasikia vishindo nyuma yake, vishindo vyepesi vya watu wanaojua kazi. Hakuhitaji kugeuka. Moyo ulimwambia. Jesse alimpita akiwa na rafiki zake walewale, kisha akapunguza mwendo, akageuza kichwa. Macho yao yakakutana. Wiki ngapi hakuyaona yale macho! Dominika alitaka aseme neno, lakini pumzi hakuwa nayo, akabaki mdomo wazi.

"Inua magoti, Domi," Jesse akasema.

Kisha akapotea kwenye ukungu na wenzake, mmoja wao anacheka. Mngejua jinsi yale maneno yalivyomlisha! Aliyala asubuhi, mchana na usiku. Kaniita Domi. Hakusema Dominika, kasema Domi. Kama hanitaki, magoti yangu yangemhusu nini? Magreth alipoambiwa alisonya tu, akageuza chapati.

Mama yake alikuwa shida nyingine. Jumapili Dominika akipanda Uru kusali na kumsalimia, Mama Hilda alikuwa anamkagua kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua, isipokuwa hasira ilikuwa inazidi kila wiki.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Yesu na Maria, shingo iko wapi?"

"Ipo, Mama."

"Naona mifupa, shingo siioni. Kaa ule." Akamwekea bakuli la mtori limejaa mpaka ukingoni, nyama juu. "Mke wa mjomba wako ananiambia amekuona barabarani unakimbia kama ng'ombe aliyekata kamba. Mtoto wa kike. Na kitenge kifuani."

"Ni mazoezi, Mama."

"Mazoezi ya nini? Mimi nilibeba kahawa kichwani mpaka chama cha ushirika, nikarudi na majani ya ng'ombe mgongoni, na mtoto tumboni, na mtoto huyo ndiye wewe. Hakuna aliyeniambia nikimbie. Na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinikuta nimenenepa anafurahi, anasema watu wataona ananilisha."

"Siku hizi mambo mengine."

"Mambo ni yaleyale." Mama Hilda akaketi karibu naye, sauti ikashuka. "Mwanangu, mwanaume anayekupenda hakupi mtihani. Na huyu hata ukiufaulu, mama yake ni wa Kilutheri mpaka kwenye kucha. Nilimwangalia siku wamekuja na mbege. Aliona picha ya Bikira Maria ukutani akageuza kiti."

"Jesse hajali hayo."

"Jesse hajali. Lakini anayemuosha huyo Jesse kichwa tangu azaliwe ni nani?"

"Mama, nampenda."

"Najua. Ndiyo maana nakupikia, sikupigi."

Dominika alikula mtori wote, mama yake anamtazama, na akashuka Moshi bila wao wawili kuelewana.

Mpaka ikaja siku akafika. Siku hiyo haikuwa na chochote cha ajabu, mawingu mlimani, barabara ina vumbi. Alianzia mnara wa saa, kidogo kidogo, macho kwenye ardhi iliyo mbele ya kidole chake. Mji ukaisha, ukaja mteremko mdogo, kisha kupanda, kupanda, kupanda, migomba kulia na migomba kushoto, wanawake wanashuka na mikungu kichwani wanampisha. Alitapika mate. Aliomba rozari nzima, akachanganya matendo ya furaha na ya uchungu. Mara mbili alilia huku anakimbia. Lakini miguu haikusimama, na alipoingia uani kwao aliangukia kwenye majani ya ng'ombe, mama yake akatoka na ufagio akidhani ni mwizi.

"Sikusimama," Dominika akasema. "Mama, sikusimama hata mara moja."

Mama Hilda akamtazama pale chini. Akaenda kumletea maji.

Na palepale kwenye majani, jasho linamchoma macho, Dominika akampigia simu Jesse. Ikaita. Ikaita. Akapokea.

"Jesse. Nimefika Uru. Kutoka mnara wa saa. Sikusimama."

Dominika akaangalia kama simu imekatika.

"Kweli?"

"Kweli. Muulize Mama."

"Hongera," Jesse akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kisha akasema, "Hata hivyo nilikuwa nakutafuta. Jumamosi tunakuja na wazee."

Wasomaji wangu, hebu niambieni. Mwanamke aliyeposwa, akaachwa, akapewa sharti, akalitimiza, akaambiwa Jumamosi tunakuja na wazee. Angefikiria nini? Na nyinyi mngefikiria nini?

"Waje wangapi?" aliuliza, meno yote nje. "Nipike kiasi gani?"

"Pika kawaida," Jesse akasema, akakata.

Hapakupikwa kawaida. Magreth alifunga mgahawa akapanda Uru na masufuria. Gauni la bluu, lile alilovaa siku ya mbege ya kwanza, lilipunguzwa pande zote mbili, na fundi akashangaa kitambaa kilivyobaki. Mbuzi akachinjwa. Mama Hilda alifagia ua, na mdomo wake ulikuwa umefungwa, lakini hata yeye alionekana ameanza kutumaini, maana alimsugua Bikira Maria ukutani mpaka kioo kikang'aa.

Jumamosi alasiri gari likaingia. Akashuka Jesse, shati jeupe. Akashuka mjomba wake mkubwa, Meku Filemon, meku ni mzee kwa Kichagga, mwenye kofia ya manyoya na sauti ya kuomba taratibu. Wakashuka wanaume wengine wawili na pipa la mbege. Mama yake Jesse hakuwepo. Mama Hilda alikuwa jikoni na binti yake, wanachungulia mlangoni, na alipoona kilichokuwa mkononi mwa Meku Filemon akamshika Dominika mkono.

"Ameshika isale."

Kweli. Jani refu la kijani, limefungwa fundo katikati. Isale liko kwenye mipaka ya kila kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, na likikatwa likabebwa na mzee, maana yake ni moja, mtu amekosa na anaomba msamaha. Na anayeletewa isale halikatai. Akilikataa, ubaya wowote utakaofuata unahesabiwa kwake na kizazi chake. Hata Walutheri wanalibeba, hata Wakatoliki wanalipokea, padri na mchungaji wakijifanya hawaoni.

"Posa haiji na isale, Dominika," mama yake akanong'ona. "Isale ni la kosa."

"Si alikosa, Mama? Alinitukana mbele za watu. Anaanza na msamaha, mengine yanafuata."

"Ndiyo ningependa kujua hayo mengine ni yapi."

"Mtu aliyeshika isale haulizwi maswali. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mama Hilda akaachia mkono wake.

Wakatoka. Wakaamkiana. "Bwana asifiwe," akasema Meku Filemon. "Tumsifu Yesu Kristo," akajibu Mama Hilda, na kila mmoja akaitikia ya kwake. Kisha mzee akasimama, akavua kofia, akamsogelea Dominika. Jesse alikuwa nyuma yake, anaangalia chini.

"Binti yetu," mzee akasema, na lile neno binti yetu likamwingia Dominika mpaka magotini. "Kijana wetu alikukosea. Tuliingia ua huu na mbege, ikanywewa, na yeye akakuacha njiani na maneno ya aibu. Hatukuja na mengi. Tumekuja na hili."

Akalinyoosha lile jani kwa mikono miwili. Dominika akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea, Meku. Nimesamehe. Sina kitu moyoni."

Jesse akashusha pumzi kwa nguvu, akainua macho, akamtabasamia kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Ee Mungu wangu, lile tabasamu! Dominika angeweza kukimbia tena mpaka mjini na kurudi. Isale likawekwa mezani. Mbege ikamiminwa. Magreth alikuwa ameshajiandaa kupiga vigelegele, anasubiri neno tu.

Meku Filemon akanywa, akafuta ndevu.

"Mungu awabariki watu wa ua huu. Sasa na sisi tutalala. Tulikuwa tunaogopa, mama, nikwambie ukweli. Kumpeleka kijana madhabahuni na machozi ya mtoto wa watu yako mgongoni kwake, hilo tulilikataa. Tukamwambia, kwanza nenda Uru. Na mchungaji ameshatangaza mara moja, zimebaki mbili."

"Ametangaza nini?" Mama Hilda akauliza.

"Ndoa."

"Ya nani na nani?"

Mzee akamwangalia Jesse. Jesse akaangalia kikombe. Ndipo Meku Filemon akaelewa, na nitamtendea haki, uso wake ulibadilika. "Hujawaambia?" akamuuliza mpwa wake. "Ya Jesse na Rachel," mzee akasema pole pole. "Binti wa mzee wetu wa kanisa. Mimi nilidhani mnajua. Nilidhani binti amejua ndiyo maana amepokea kwa moyo mweupe hivi."

Vigelegele vikamfia Magreth mdomoni. Dominika alisimama katikati ya ua na gauni la bluu, na kitu cha kwanza alichofikiria, mnisamehe, ni mbuzi. Mbuzi mzima alikuwa ameiva.

"Wazee wangu," akasema, "naomba niongee na Jesse kidogo."

Wakamruhusu. Wawili wakaingia migombani, mahali ambapo sauti haziwezi kufika uani.

"Nilikupigia simu," Dominika akaanza.

"Najua."

"Nikakwambia nimefika. Ukasema hongera. Nikakuuliza nipike kiasi gani, Jesse. Ukaniambia pika kawaida."

"Sikujua nisemeje kwenye simu."

"Rachel yupi?"

"Wa duka la vitenge, pale Soweto."

Dominika alimjua. Nani asiyemjua? Mwanamke mpole, mcheshi, uso wa mviringo, anakaa kwenye kiti chake asubuhi mpaka jioni, na ukitaka kitenge cha juu anakuomba upande mwenyewe ukishushe maana yeye kuinuka ni shughuli. Dominika hata siku zake za unene wote angejificha nyuma ya Rachel asionekane.

Likamtoka swali kabla hajalipima.

"Anakimbia?"

"Nani?"

"Rachel. Anakimbia?"

Jesse akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka. "Rachel? Ngazi za kanisani tu tunamshika mkono."

Kisha akasikia alichosema, kicheko kikamkatika. Kuku alikuwa anaparura majani karibu na miguu yao. Dominika alimwangalia yule kuku kwa muda.

"Kwa hiyo ile siku njiani. Gunia la mahindi."

"Mama alikuwa ameshakataa, Domi. Alisema Mkatoliki haingii kwake, labda yeye awe ametoka kwa jeneza. Wiki nzima analia, hali chakula. Nikashindwa kukwambia. Ningekwambiaje, na mbege imeshanywewa? Nikatafuta kitu ambacho..."

"Ambacho nini?"

"Niliona nikikupa kitu kigumu utakata tamaa mwenyewe." Akapitisha mkono usoni. "Nilijua hutaweza."

Dominika akakaa juu ya kisiki cha mgomba. Miguu ile ile iliyomleta kutoka mjini bila kusimama ilikuwa imegoma kumshika.

"Ungesema mama yako hanitaki," akasema. "Ningelia, ningepoa, watu hukataliwa na wakwe kila siku. Wewe ukaenda kuutukana mwili wangu. Huu mwili ulikuwa haujakukosea kitu. Nimeuchukia, Jesse. Nimeamka kila alfajiri kuuadhibu kwa ajili yako."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Liko pale mezani."

Alitamani kumpiga. Alitamani kuchukua tope ampake lile shati jeupe. Lakini aliyepokea isale hainui mkono, na Jesse alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa amesimama karibu vile bila wasiwasi. Akamwangalia Dominika kuanzia shingoni mpaka miguuni, na yale macho yalikuwa na kitu ambacho miezi yote hii alikuwa amekililia.

"Usiache mazoezi lakini," Jesse akasema kwa upole. "Kweli umependeza."

"Ningekuwa hivi tangu mwanzo, ingekuwaje?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya siku zote, moja zaidi ingemgharimu nini? Lakini ndiyo kwanza alikuwa amesamehewa, akajiona mtu mwema, akataka kusema kweli.

"Ingekuwa vilevile," akajibu.

Uani Meku Filemon akaita. Ilikuwa imebaki kata ya mwisho ya mbege, ile ambayo aliyekosa na aliyekosewa wanakunywa pamoja kabla wageni hawajaondoka, na mzee alitaka kuondoka upesi, aibu imemjaa. Wakarudi. Mama Hilda mwenyewe ndiye aliyechota mbege. Akampa binti yake. Dominika akanywa, akampa Jesse. Jesse akanywa akamaliza. Wanaume wawili wakapiga makofi kidogo, wakaacha. Hakuna aliyegusa mbuzi.

"Binti yetu, una moyo mkubwa," Meku Filemon akasema, akavaa kofia.

Wageni wakaingia garini. Dominika akawasindikiza mpaka mlangoni pa ua kama desturi inavyotaka, mama yake begani kwake, gauni la bluu limemkaa vizuri kweli kweli. Akainama sikioni kwa mama yake.

"Mama, imeisha? Naweza kulia sasa?"

"Subiri gari ligeuze, mwanangu," Mama Hilda akasema. "Subiri kwanza ligeuze."

Njia ya Uru ni nyembamba na dereva alikuwa mgeni. Alirudi nyuma, akaenda mbele, akarudi nyuma tena, na muda wote huo Dominika alisimama pale mlangoni, akiwapungia mkono.